Shimo la Jirani na Mipaka ya Serikali

Nyumbani kwetu Tabata ubishi kuhusu serikali una wenyewe, Baba Mkubwa na shemeji. Baba Mkubwa ni kaka wa marehemu baba, mstaafu wa shirika la umma, naye anakaa chumba cha mbele. Shemeji amemwoa mdogo wangu. Wanaishi nyumba ndogo ya uani, na pembeni yake shemeji amechimba kisima kinachouzia maji nusu ya mtaa, dumu la lita 20 kwa shilingi 200. Mimi nafundisha Uraia sekondari, kwa hiyo jioni wakianza kukabana, wote wawili hunigeukia niamue.

Shemeji anaamini kwamba mtu ni mali yake mwenyewe, na jasho lake ni lake. Kazi ya serikali ni kuwazuia wezi, wavamizi na matapeli, kusimamia mikataba na kuendesha mahakama, basi. Hayo yaliandikwa na Robert Nozick, Mmarekani, mwaka 1974, na shemeji ameyasoma kwenye simu usiku akisubiri tenki lijae. Kabla ya Nozick alimsoma Friedrich Hayek, mzaliwa wa Vienna, aliyeonya mwaka 1944 katika The Road to Serfdom kwamba serikali ikishajipa kazi ya kupanga uchumi wote, mwisho itapanga na maisha ya watu. Wala shemeji hakuwaamini wazungu hao kwa kupenda vitabu. Aliuza nguo Kariakoo akikimbizwa na mgambo, bidhaa zikichukuliwa, hadi Desemba 2018 Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000. “Dada,” huniambia, “sikupewa mtaji, sikupewa semina. Niliachwa tu nifanye kazi. Na kwa kule kuachwa nikachimba kisima.” Hoja hiyo sijawahi kumpinga, na sitampinga.

Baba Mkubwa alisomeshwa na serikali hadi chuo, mtoto wa mkulima ambaye baba yake hakuwa na hata viatu. Kwake yeye, serikali inayokaa kando ni baba aliyetelekeza familia. Lakini ni mtu mkweli, na ukimuuliza habari za mwaka 1983 atakusimulia bila kuficha: msako wa wahujumu uchumi, watu wakitupa sabuni na sukari usiku wasije kukutwa nazo, Mama Mkubwa akichimbia katoni ya sabuni nyuma ya jiko kwa sababu hakuwa na risiti. Mwaka huo huo vijana wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa mjini na kupelekwa vijijini kwa jina la Nguvu Kazi. Akifika hapo huvua miwani akanyamaza, na shemeji, kwa heshima, hamshindilii.

Basi ndivyo tulivyokuwa tukiishi, kila mmoja na msimamo wake, hadi masika ya mwaka jana.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko unaoshuka kuelekea bonde la Msimbazi. Juu yetu kuna nyumba tisa. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haina bomba la majitaka, kwa hiyo kila mtu ana shimo lake, na shimo likijaa huitwa gari la kunyonya. Gari lina gharama. Mvua haina gharama. Ndiyo maana wapo wanaosubiri inyeshe sana usiku, wakatoboa ukuta wa shimo na kuacha mafuriko yabebe. Tunaita kutapisha choo, na hakuna mtoto wa mabondeni asiyejua maana yake.

Alfajiri ile mdogo wangu alifungua mlango wa uani akakuta ndala za watoto zinaelea. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi iliyokaa siku mbili, yana vipande vya karatasi na funza weupe, na mfuniko wa chemba yetu ulikuwa umenyanyuka upande mmoja. Kwenye pete ya saruji ya kisima kulikuwa na mstari wa uchafu umepanda hadi chini kidogo ya mdomo. Shemeji alikuwa amepiga magoti kwenye matope, analundika viroba vya mchanga kukizunguka. Harufu iliingia kwenye mapazia, kwenye unga, kwenye nguo zilizokunjwa kabatini.

“Nendeni ofisi ya mtaa,” alisema Baba Mkubwa akiwa kizingitini.

“Baba Mkubwa, hili ni jambo la watu wawili,” alijibu shemeji. “Kuna aliyetapisha na kuna aliyetapishiwa. Nitamfuata tuelewane, anilipe hasara yangu.”

Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na Ronald Coase, mwanauchumi aliyeandika mwaka 1960 kwamba haki ya kila upande ikijulikana, na kama kupatana hakugharimu kitu, wahusika watamaliza wenyewe bila mkono wa serikali. Shemeji alipanda mteremko na daftari. Nyumba ya kwanza walisema si wao. Ya pili walisema wao wenyewe wametapishiwa. Mama mmoja alimwonyesha shimo lake lililofunikwa vizuri, mwingine alifunga geti. Mzee wa nyumba ya juu kabisa alisema maji yametoka barabarani, tangu barabara iwekwe lami yanamwagika kwake, na hilo lilikuwa kweli. Shemeji alirudi jioni na daftari lenye majina na hakuna jibu. Coase mwenyewe alilijua hilo: sehemu kubwa ya andiko lake inahusu dunia ambamo kupatana kuna gharama, na wengi wanaomtaja huishia kwenye ile sehemu nyepesi ya mwanzo. Shemeji akasema atakwenda mahakamani. Amshitaki nani? Vinyesi vya nyumba tisa vikishachanganyika na mvua havina hati miliki.

Zamu ya Baba Mkubwa ikafika. Alivaa koti, akabeba faili, akaenda ofisini. Mwenyekiti yuko kikaoni. Kesho yake afisa afya hana usafiri. Keshokutwa aliambiwa aandike barua, akaandika, kwa mwandiko ule wa kiofisi wa zamani, nakala tatu. Barua ikapokelewa na kugongwa mhuri. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake, hakutaka chai.

Niliumia kumwona vile, maana mzee huyu ameiamini serikali maisha yake yote. Hata hivyo nilimwambia jambo ambalo huwafundisha wanafunzi wangu. Kuanzia mwaka 1972 serikali kuu ilizifuta halmashauri, za miji zikiwemo, ikasema inasogeza madaraka kwa wananchi, huku maafisa wa kutoka juu ndio wakishika kazi zote. Mitaro ya mijini ikaziba, taka zikalundikana, kipindupindu kikaja. Mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe. Serikali ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote, na mfereji wa mbele ya nyumba ya mtu haukuwa na mwenyewe. Baba Mkubwa alinisikiliza hadi mwisho. “Nilikuwepo,” alisema. “Tulifagia wenyewe.”

Wakati wanaume hawa wawili wanapambana, mtoto wa mdogo wangu alianza kuharisha. Kwanza tulidhani ni meno. Usiku wa pili macho yalikuwa yamezama, na ukimfinya ngozi ya tumbo haikurudi upesi. Tulimpa maji ya chumvichumvi kwa kijiko mpaka kulipokucha. Dar es Salaam inaukumbuka mwaka 2015, kipindupindu kilipoanzia mkoani kwetu na kusambaa nchi nzima, kwa hiyo hakuna aliyelala. Kulipokucha mdogo wangu alimfunga mtoto mgongoni, akapita kibarazani bila kumsalimia mtu, akaenda zahanati, na kutoka hapo moja kwa moja mezani kwa afisa afya. Alikaa mbele yake na yule mtoto. Hakuandika barua. Saa saba mchana afisa afya alishuka kwenye bodaboda getini kwetu.

Alikuwa dada mdogo wa umri, ana buti za mpira na mkoba wa chupa. Akachota maji ya kisima akayapeleka kupimwa maabara, akaukagua mfuniko wa kisima kwa macho, akaandika notisi: kisifunguliwe, maji yasiuzwe mpaka majibu yatoke. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa nguvu hiyo. Shemeji alitetemeka kwa hasira. “Mimi ndiye niliyemwagiwa, mimi ndiye ninayefungiwa! Mnaona sasa? Mkiita serikali, inamkamata aliye karibu!”

Majibu yalitoka. Maji yalikuwa na vijidudu vya kinyesi.

Hapo ndipo ubishi wetu ulipofika mahali ambapo haujawahi kufika, na ndipo napenda kukaa kidogo. Shemeji alisema wateja wangejua wenyewe: maji yakiwa mabaya watu huhama, muuzaji hufilisika, soko limemaliza kazi bila notisi. Nikamwuliza wangejuaje. Yale maji yalikuwa meupe. Tulikuwa tumeyanywa sisi wenyewe na hatukuhisi chochote.

Nikamsimulia London ya mwaka 1854. Kampuni mbili binafsi, Lambeth na Southwark and Vauxhall, ziliuza maji kusini mwa mji huo, mabomba yao yakipita mitaa ile ile, nyumba hii inanunua huku na jirani yake kule. Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pa kuchotea, ikapanda juu ya Mto Thames, mbali na majitaka ya mji. Mwenzake aliendelea kuchota pale pale uchafu unapomwagwa. Kipindupindu kilipoingia, daktari John Snow alipita kuhesabu vifo nyumba kwa nyumba. Katika wiki saba za mwanzo, kwa kila nyumba 10,000 zilizonunua Southwark and Vauxhall walikufa watu 315. Kwa Lambeth walikufa 37.

Shemeji alishtuka, kisha akaikamata haraka: “Lakini Lambeth ilihama yenyewe!” Ni kweli, sheria ya mwaka 1852 iliyozitaka kampuni kuhama ilikuwa imezipa muda hadi 1855, na Lambeth ilikuwa imeshatangulia. Hoja yake ni nzuri, nami nilimpa. Mfanyabiashara anaweza kufanya jema bila kusukumwa, na wapo wengi. Lakini wale wa upande wa pili hawakuchagua kufa. Wengi wao, Snow alipowagongea mlango, hawakujua hata kampuni gani inawauzia. Ilibidi ayapime maji kwa kemikali ili ajue. Mtu asiyejua anachokunywa hana uhuru wa kuchagua, na huyo ndiye mtu ambaye nataka serikali imsimamie: mama anayenunua dumu kwa shilingi 200 na kumchanganyia mwanawe uji.

Shemeji alinyamaza kwa muda mrefu. Mtoto wake alikuwa amelala mapajani mwake, ameshapata nafuu.

Suala la shimo lilikwisha hivi. Tuliita kikao cha mteremko mzima chini ya mwembe wetu, kila nyumba itoe fungu lake tulete magari ya kunyonya, turekebishe mashimo kwa zamu kabla ya mvua nyingine. Nyumba saba za juu zilikubali. Mbili zilikataa, na mojawapo ni ya mtu mwenye magari mawili. Aliyesimama kudai waandikiwe notisi, na wakikaidi wapelekwe mahakamani, ni shemeji. Baba Mkubwa alimtazama kwa furaha. “Mwanangu, leo umeiita serikali.”

“Sijabadilika, Baba Mkubwa. Uchafu wao umevuka mpaka ukaingia kwenye mali yangu. Kulinda mpaka ndiyo kazi niliyoipa serikali tangu mwanzo.”

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Hayek mwenyewe, katika kitabu kile kile cha 1944, alikubali kwamba moshi na kelele za kiwanda haviishii kwa mwenye kiwanda, na kwamba madhara ya namna hiyo hayamalizwi na bei peke yake. Wengi wanaomshabikia, na wengi wanaomlaani, wameiruka sehemu hiyo. Afisa afya aliandika notisi mbili, wale wawili wakalipa kabla muda haujaisha. Kisima kilitibiwa kwa klorini, kikapimwa upya, kikafunguliwa. Ada ya kipimo shemeji aliilipa bila neno. Ada nyingine tatu alizodaiwa wiki hiyo hiyo na ofisi tofauti, ambazo hakuna aliyeweza kumweleza ni za nini, alizikataa, na Baba Mkubwa ndiye aliyemwandikia barua ya kupinga.

Sasa wanabishania mtaro. Maji ya barabara ya lami bado yanashuka kwetu, na unahitajika mfereji wa zege kutoka juu hadi bondeni. Shemeji anataka wanaonufaika tu ndio wachange, kila nyumba kwa upana wa kiwanja chake. Baba Mkubwa anauliza kuhusu mjane wa nyumba ya nne, anayeuza maandazi na hana cha kuchanga: mfereji ukatike mbele ya mlango wake? Shemeji amesema atamlipia yeye, kwa hiari, na najua atafanya hivyo. Mimi nasema halmashauri ndiyo ijenge, kwa sababu barabara iliyoyageuza maji kuja kwetu ilijengwa kwa kodi ya wote bila kuwekewa mfereji. Nimeliandika hilo na kulipeleka kwenye mkutano wa mtaa wa Jumamosi ijayo. Baba Mkubwa na shemeji wote wameweka sahihi, kila mmoja akiongeza aya yake ya kupingana na ya mwenzake.