Ukifika Sendai, Ingia kwa Mdomo wa Joka

Mwongozo huu ni wa mzazi, shangazi au mjomba wa Nakuru ambaye kijana wake anakimbia katika timu ya huko Japani, na sasa ametumiwa tiketi aende kumtembelea. Njia hiyo si ngeni kwetu. Samuel Wanjiru wa Nyahururu aliingia shule ya sekondari ya Sendai Ikuei mwaka 2002, akiwa na miaka 15. Mwaka 2008, kule Beijing, akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Basi ukialikwa Sendai, jua kwamba utapelekwa kuiona sanamu kubwa ya Kannon, utake usitake.

Begi kwanza. Nyama kavu iache nyumbani hata kama kijana ameililia kwa simu, maana forodha ya Japani itaichukua. Matunda nayo yaache. Viatu vaa vya kuvulika upesi, kwa sababu huko utavivua mara nyingi kuliko ulivyozoea.

Sanamu yenyewe hutaitafuta. Ni nyeupe pe, imesimama juu ya nyumba za watu, na ina urefu wa mita 100. Jengo la KICC la Nairobi, lenye mita 105, linaizidi kidogo tu. Ilikamilika mwaka 1991. Shangaa upendavyo, ila kaa kando ya barabara unaposhangaa. Na usiseme umemwona Buddha: Kannon ni yule ambaye Wabuddha humwendea kuomba huruma.

Hapo ndipo mtu wa kwetu hukwama. Ukishazoea kupanda kilima cha Subukia, kwenye hija ya Bikira Maria, utaiona ile nguo ndefu na ule uso mpole, kisha utatamka kwa sauti kubwa, "Kumbe ni Mama Maria!" Kabla hujacheka wala kujitetea, sikiliza. Ukristo ulipopigwa marufuku Japani, kuanzia mwaka 1614 hadi 1873, Wakristo waliojificha walisali mbele ya sanamu ndogo za Kannon huku mioyoni wakimwita Maria. Askari alipoingia nyumbani, aliona Kannon tu. Familia zilirithishana imani hiyo kwa zaidi ya miaka 200, bila padri. Kwa hiyo jicho lako halikukosea sana, na ukitaka kunyamaza kidogo hapo kwa heshima yao, nyamaza. Tazama pia mkono wa kushoto: Kannon ameshika chupa ya maji. Anayeshuka Subukia na mtungi wa maji ya chemchemi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mlango ni mdomo wa joka. Ingia, mzee wa kanisa hayuko hapo, na hata angekuwepo, kutazama si kuabudu. Watu wa huko wakisali, wao huunganisha viganja na kuinamisha kichwa kimyakimya. Usipige makofi. Makofi ni ya mahekalu ya Shinto, na ukiyapiga hapa utawachanganya wazee wanaosali. Usimhubirie mkata tiketi. Usipandishe mtoto kwenye sanamu ili picha ipendeze, na usimwekee Kannon kidole puani kwa ujanja wa kamera. Ungemwona mgeni akifanya hivyo Subukia, ungemwita askari, na ungekuwa na haki.

Panda lifti hadi ghorofa ya 12, kisha teremka kwa miguu. Magoti yatalalamika, lakini ndani kuna sanamu 108 za Buddha, hesabu ile ile ya tamaa ambazo Wabuddha wanasema humsumbua binadamu. Zipite polepole. Kwenye vidirisha utauona mji ambamo kijana wako hukimbia alfajiri, baridi ikiwa kali kuliko ya Molo. Mwache akuonyeshe njia zake. Hilo ndilo lililokupeleka, na lina thamani kuliko picha zote.

Ukirudi Nakuru, wasimulie watu ukweli ulivyouona, bila kuongeza mita hata moja. Na Mjapani aliyekuja kutazama heroe ziwani akikuuliza habari za Subukia, usimwelekeze kwa kidole tu. Mpeleke, mwonyeshe pa kukaa kimya, na umchotee maji.