Gari Lilipoingia Jikoni

Kwetu Kirotshe, gari la okazioni likishaingia kiwanjani ni la ukoo mzima. Mama mkwe alishapanga kupelekea sambaza zake Sake. Shemeji, mdogo wa mume wangu, akajipa cheo cha mwoshaji. Baba watoto alibandika karatasi ya asiransi kwenye kioo cha mbele, akatamba: "Sasa hatuna wasiwasi wa kitu chochote."

Jumamosi moja shemeji akasema analisogeza kivulini tu. Kiwanja chetu kinateremka kuelekea ziwani. Gari likashuka kinyumenyume, likang'oa ua wa jirani, likapasua banda lake la kuku, likamalizia kwenye jiko letu la mbao. Sombe yote chini. Taa moja ya nyuma ilipasuka, ya pili ikawa inamulika majivu.

Jioni kikao kikakaa. Mama mkwe akaanza: "Asiransi italipa jiko?"

Baba watoto akavaa miwani. Tangu sheria ya Januari 1973, kila gari hapa Kongo linalazimika kuwa na bima ya hasara inayowapata wengine: mpita njia aliyevunjika mguu, ua wa jirani, kuku wake. Jiko ni letu, taa ni yetu, hayo hayamo.

"Kumbe angebomoa jiko la jirani ingekuwa heri!"

Hakuna aliyembishia. Bima ya kutengeneza gari lako mwenyewe ipo, ila ni mkataba mpana zaidi na bei yake iko juu. Hata hiyo, kwa kawaida, haigusi hasara za vita, na sisi wa Masisi hatuwezi kuruka mstari huo. Angalau siku hizi mtu analinganisha bei. Kwa miaka mingi ilikuwa SONAS, kampuni ya serikali, peke yake, mpaka sheria ya Machi 2015 ilipofungua soko, na mwaka 2019 kampuni binafsi zikaanza kupewa vibali.

"Na nikitaka kwenda Gisenyi?" akadakia mama mkwe. Gisenyi ni Rwanda, hapo inatakiwa kadi ya njano ya bima ya COMESA, maana karatasi ya kioo cha mbele inaishia mpakani.

Wiki iliyofuata tukaenda Goma kudai walau banda la jirani. Wakala akasoma fomu taratibu, akainua macho: "Nani alikuwa anaendesha? Naomba permi yake."

Shemeji akapekua mifuko yote, akatoa kwa heshima kadi ya mchaguzi.

Wakala akatuonyesha kwa kalamu kwenye mkataba: dereva awe na permi halali, hata akisogeza gari hatua chache. Faili ikafungwa. Banda tukalijenga kwa mbao zetu, jirani akachagua mitetea mwenyewe sokoni, na hakuchagua iliyokonda.

Tulipoeleza hayo nyumbani, mama mkwe alimtazama shemeji kutoka utosini hadi kandambili. "Sasa huyu mtoto wangu," akauliza, "kampuni gani inaweza kumpokea?"