Jinsi ya Kufuga Farasi Rafuni

Ukitaka farasi asiyekula majani, asiyeugua wala kumpiga mtu teke, fuata hatua hizi.

Kwanza, jua nasaba. Wengi wetu wakusanyaji huanzia kwa farasi wa plastiki wa kampuni ya Breyer ya Marekani. Wa kwanza alitoka kiwandani Chicago mwaka 1950, akiwa pambo la saa iliyouzwa katika maduka ya Woolworth. Wateja wakaanza kumwulizia farasi peke yake, bila saa. Hao walikuwa watu wenye macho!

Pili, pima rafu kabla ya kupima mfuko. Farasi wakubwa wa Breyer, waitwao Traditional, ni wa kipimo cha 1:9. Wadogo waitwao Stablemates, wa kipimo cha 1:32, hukaa kiganjani. Wadogo hawasumbui kuwatafutia nafasi, lakini fundi rangi huonyesha kazi yake yote kwenye ubavu mpana wa yule mkubwa.

Tatu, mtazame bila haraka. Kalibu moja huweza kuzaa farasi kwa miaka mingi; kinachowatofautisha ni rangi. Nusu mbili za mwili hugandishwa, maungio hupigwa msasa, kisha rangi hupulizwa kwa mkono. Kwa farasi wa kahawia mwenye miguu myeusi, angalia magoti: weusi uliopulizwa vizuri hupotelea ndani ya kahawia bila kuacha mstari. Kwa wa kijivu, tafuta madoa yasiyolingana, maana ngozi hai haigongwi muhuri. Kisha mtazame jicho. Likikosewa, mwili wote hulala.

Nne, usiiogope rangi ambayo Mungu hakumpa farasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Breyer ilitoa farasi wa dhahabu na wa buluu, walioitwa Decorator. Wakati ule hawakupata soko. Leo wakusanyaji huwagombea. Kipenzi changu ni yule wa rangi iitwayo Copenhagen: mwili wa buluu wenye madoa hafifu, mkia na manyoya ya shingo meupe. Kipenda roho hula nyama mbichi.

Tano, watunze. Plastiki yao ya selulosi asetati hupinda kwenye joto, na weupe wake huweza kugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda. Waweke mbali na dirisha lenye jua kali, uwafute vumbi kwa brashi laini.

Mwisho, nunua wa pili wa kalibu ileile, kwa rangi nyingine. Nyumbani watasema unarudia. Waweke wote wawili mezani, uwaonyeshe jinsi rangi nyepesi inavyofichua misuli ambayo rangi nzito iliificha. Ukiweza kueleza kwa nini umempenda huyu kuliko pacha wake, umeshakuwa mkusanyaji, hata kama rafu yako ina hao wawili tu.