Yah: Kuomba jibu la kuwapelekea watoto wa Uingereza

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Siku ya Mazingira,
Ofisini kwako.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira katika sekondari moja iliyo chini ya Milima ya Uluguru. Bila shaka unaikumbuka, kwani kamati yako huichagua kila mwaka kwa sababu magari yanafika hadi kwenye turubai. Klabu yetu ina urafiki na wanafunzi wa shule moja ya Uingereza. Watoto hukutana kwenye kompyuta, wanaelezana mvua iliyonyesha kwao na kwetu, ndege waliowaona na miche waliyoipima.

Urafiki huu ulikuwa unakwenda vizuri mpaka binti mmoja wa kule alipouliza, kwa adabu zote, ile miti tuliyopanda Siku ya Mazingira imepona mingapi. Mwenyekiti wa klabu akanitazama. Mimi nikatazama dirishani. Intaneti yetu, ambayo hukatika hata katikati ya salamu, siku hiyo iligoma kabisa kukatika.

Nimelitafuta jibu katika taarifa ya kamati yako. Imo idadi ya miche iliyopandwa, zimo fulana na kofia zilizogawiwa, limo jina la mgeni rasmi na cheo chake kirefu. Safu ya miche iliyopona haimo. Naamini ni kosa la mchapaji.

Lipo na suala la tarehe. Juni 5 tunaiadhimisha kwa sababu siku hiyo, mwaka 1972, Umoja wa Mataifa ulifungua mkutano wa mazingira mjini Stockholm. Mawingu ya Morogoro hayakualikwa. Masika yetu huanza Machi na kuisha Mei, kwa hiyo mche tunaoutia ardhini Juni 5 tunaukabidhi moja kwa moja kwa kiangazi. Nchi yetu ina Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, Aprili 1, masika yakiwa yamekolea, lakini naelewa kwamba siku hizo barabara ina tope na viatu vya wageni ni mali ya umma. Wale watoto wa Uingereza huanza kupanda miti Novemba, mti ukiwa umepukutisha majani, na huacha Machi. Walipotuuliza kwa nini sisi tunangoja mvua iishe kwanza, kijana wetu wa kidato cha pili aliwajibu kwa uaminifu, "Ndiyo siku mgeni rasmi anapata nafasi."

Nikumbushe pia habari za shimo. Shimo la mgeni rasmi huchimbwa jioni ya kuamkia sherehe, udongo ukachekechwa, samadi ikachanganywa, jembe likafungwa utepe wa kijani. Pembeni hukaa beseni, sabuni na taulo jipya. Mwaka jana mgeni wetu alipewa mche mrefu kuliko yote, akauweka shimoni pamoja na kiriba chake cha plastiki, akafukia. Mshereheshaji akaomba makofi, na sisi tukapiga, maana nani angekuwa wa kwanza kutopiga? Msafara ulipoondoka, watoto waliufukua ule mche, wakachana kiriba, wakaurudishia. Umeshika vizuri. Ndio ninaouonyesha kwenye kamera hadi leo, mara upande wa mashariki, mara upande wa magharibi, ili uonekane mingi.

Kuhusu moshi, naomba radhi kwa niaba ya jiko. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024, nasi tulitii siku ileile jiko la gesi lilipozinduliwa. Utepe ulikatwa, wali ukaiva, mtungi ukaisha. Fungu la uzinduzi lilikuwepo, la kujaza gesi halipo. Kwa hiyo lori la kuni linaendelea kuja, isipokuwa siku ya sherehe, ambapo huagizwa lisubiri njia panda hadi msafara upite. Bahati mbaya, wenzetu wa Uingereza walikuwa wanatufuatilia moja kwa moja watoto waliposimama kutoa ngonjera ya kutetea misitu, na nyuma yao moshi ukapanda. Wakauliza kinachoungua ni nini. Mwenyekiti wa klabu akasema ni chakula cha wageni, na sijaona pa kumsahihisha.

Najua ofisi yako haina imani na urafiki huu. Tulipoomba kibali, barua yetu ilipita meza nyingi kuliko lori la kuni, ambalo sijawahi kuliona likisimamishwa kuulizwa hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Afisa wako alitaka kujua Wazungu hao wanaleta nini. Nikamwambia wanaleta maswali. Akaandika kwenye fomu: "Hakuna."

Tena alionya kwamba haya ni mambo ya kuletewa. Naomba aelezwe kwamba Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991, barazani kwa Jane Goodall, kwa wanafunzi 12 wa shule za huku. Klabu zetu za Malihai zilianza 1980. Kwa kuhesabu miaka, hao wa Uingereza ndio waliofuata nyayo zetu, na sasa wanataka kujua tulipofika.

Ndiyo maana nakuandikia. Jumamosi iliyopita watoto walikwenda kuihesabu miti wenyewe, bila posho, bila turubai, bila hata chupa ya maji, jambo ambalo nakiri linaharibu utaratibu. Wakarudi na idadi. Ukiihesabia vidole vya mkono mmoja, kidole gumba kinabaki. Mwenyekiti wa klabu ameshaiandika daftarini, na ameniuliza kama ruhusa ya kuitaja inatoka kwangu au kwako.

Nilimwambia suala liko kwenye mchakato. Kikao kijacho ni Ijumaa saa kumi jioni, saa nane mchana kwao. Ukiniletea jibu rasmi kabla ya hapo nitalisoma kama lilivyo, hata likiwa la "idadi inahakikiwa". Usipoleta, nitampisha mtoto asome daftari lake.

Nawasilisha.

Mwalimu Mlezi,
Klabu ya Mazingira.

Nakala: Dereva wa lori la kuni – kwa taarifa. Juni 5 usubiri njia panda kama kawaida.