Muulize Shangazi: Masaibu ya Waandishi Waliookoka

Wiki hii barua zote zimetoka kwa kundi moja. Inaelekea kila aliyeokoka kati ya Ahero na Usenge anaandika kitabu, na aliyemaliza kitabu ana blogu ya neno la asubuhi. Shangazi hana ubaya na hilo. Anayetaka kujua Maandiko yanasemaje kuhusu wingi wa vitabu afungue Mhubiri 12:12, kisha arudi tuendelee.

*Shangazi, nilichapisha kitabu changu cha maombi kwa pesa za chama, nakala 1,000. Siku ya uzinduzi kanisani watu walikishika, wakakipapasa, wakaniambia "Mungu akubariki sana, mtumishi", wakaondoka nacho. Visanduku vimejaa chumbani hadi mke wangu anaingia kitandani kwa upande wa miguu. Nifanyeje? – Mbarikiwa Asiye na Kitu, Nyalenda*

Mbarikiwa, tuanze na mpiga chapa. Alikwambia ukichapa nyingi bei ya kitabu kimoja itashuka, na hakudanganya. Kazi ya kupanga kurasa na kutengeneza pleti ni ileile uchape 100 au 1,000, kwa hiyo gharama inagawanyika. Ila wewe hukulipia kimoja, ulilipia vyote. Yule mwenye mnara katika Luka 14 anatakiwa aketi kwanza ahesabu gharama. Wewe uliketi ukahesabu waumini. Waumini 800 si wanunuzi 800. Toa watoto, toa nyumba nzima inayosoma nakala moja, toa wale wanaongoja umalize kuuza ndipo waombe ya bure, toa na wazee wa kanisa, ambao Shangazi hajawahi kuwaona wakinunua kitu hatua kumi kutoka madhabahuni.

Halafu wewe mwenyewe ndiye uliyewafundisha kutolipa. Ulisimama mbele ukasema kitabu ni "huduma", ukaona haya kutaja bei. Mama anayekuuzia omena pale Kibuye ni mwimbaji wa kwaya, na hukuongezea kiganja juu ya gorogoro kwa upendo wa Kristo, lakini gorogoro lenyewe unalilipia. Kiganja chako wewe ni sahihi. Tia sahihi bure, andika na mstari wa Biblia, andika jina la mtoto. Kitabu kina bei. Iandike kwa kalamu nene kwenye kadibodi, nambari ya till chini yake, na mezani umweke binti asiyemjua mzee yeyote wa kanisa. Akija mtu na "nitakutumia jioni", binti ajibu, "Hata sasa mtandao upo, baba."

*Shangazi, mume wangu ana blogu ya ndoa ya Kikristo. Tukigombana usiku, asubuhi nakuta ugomvi umeshawekwa, mimi nikiwa "dada mmoja ninayemfahamu". Jumapili kina mama waliniombea niache kiburi. Nilikuwa nimeuliza tu pesa za stima ziko wapi. – Dada Mmoja, Manyatta*

Pole, mama. Shangazi amewaona wengi wa aina hii: huishiwa na mawazo ya kuandika siku mke anapokuwa na amani. Hiyo kinga ya "dada mmoja" haifanyi kazi Kisumu. Mji huu ukianza kusema "mzee fulani mwenye Probox nyeupe karibu na mzunguko wa Kondele", watu wanamtaja kwa jina la baba kabla hujafika nukta. Mumeo anajua hivyo vizuri.

Lakini tazama alichoacha. Aliandika kuhusu kiburi, akaandika kuhusu ulimi wa mwanamke, bila shaka na Mithali akaziweka. Tokeni za stima hazimo. Swali lako halikuingia kwenye neno la asubuhi kwa sababu lingemtaka yeye ndiye atubu. Basi mwambie kwamba kuanzia leo kila kitu kinachotoka kitandani kinapita kwako kwanza. Magazeti yana mhariri, na blogu ya ndoa inamhitaji zaidi. Akikataa, fungua yako. Usimtaje. Andika juu ya "kaka mmoja ninayemfahamu" na uanze na tokeni. Na hao kina mama waliokuombea, waalike chai ya jioni, uwakaribishe gizani.

*Niandike kwa Kiingereza, Kiswahili au Dholuo? Mchungaji anasema Dholuo hakitauzika nje ya Nyanza. – Njia Panda, Maseno*

Mchungaji wako huhubiri kwa lugha gani matangani, anapotaka watu walie kweli? Grace Ogot alianza kwa Kiingereza, na The Promised Land ikatoka mwaka 1966. Akiwa tayari na jina, mwaka 1983 akatoa Miaha kwa Dholuo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Asenath Bole Odaga alikuwa ameanzisha Lake Publishers hapa hapa Kisumu, badala ya kukaa akingoja barua kutoka Nairobi. Na huko Maseno uliko, wamisheni wa CMS walifika 1906, na Biblia nzima ya Dholuo ikapatikana 1953. Wajaluo wamejaa Nairobi, Mombasa na mkoa wa Mara kule Tanzania. Andika kwa lugha unayoombea ukiwa na malaria.

*Askofu ameniandikia dibaji ya ukurasa mmoja. Sasa anataka picha yake ndiyo ikae mbele, yangu nyuma. – Sura ya Nyuma, Ugunja*

Kitabu kina kurasa ngapi? Kama ni 96, mpe sehemu moja ya 96 ya jalada. Atatosha kama stempu.

*Shangazi, ushuhuda wangu unauzwa sana. Nimeandika kwamba kabla ya kuokoka nilitumikia miaka saba chini ya Ziwa Victoria, katika jumba la ghorofa kumi lenye barabara za lami. Ukweli ni kwamba nilikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi. Sasa nimealikwa kuhubiri Dunga na usingizi umenipotea. – Aliyetoka Chini, Kisumu*

Una sababu ya kukosa usingizi. Ziwa lote, pale penye kina kirefu kabisa, ni kama mita 80. Ghuba ya Winam upande wetu huu ni mita chache tu, matope na magugumaji. Jumba lako lingetokeza nje kuanzia ghorofa ya pili, na wavuvi wa Dunga wangekuwa wanafunga mitumbwi kwenye dirisha lako. Hao ni watu ambao nyavu zao hupita huko usiku kucha, na wavu ukichanika wanajua umechanwa na nini. Watakuuliza jumba liko upande gani, nao watauliza kwa upole.

Simama kanisani uombe radhi kwa mdomo wako. Nakala zilizobaki zibandike neno "riwaya" juu ya jalada. Kijiji kilichozama kina nafasi yake katika hadithi: kile cha Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, kimesimuliwa vizazi na vizazi, jinsi bikizee mgeni alivyonyimwa makaribisho hadi mji ukazama, na hakuna aliyemdai msimulizi ushahidi, maana hakupitisha kapu la sadaka akimaliza. Kisha andika ushuhuda wa karani: mizani ya misumari, risiti za mifuko ya saruji ambayo haikufika kwa mwenyewe. Wenye maduka wataununua, hata kama ni kwa hofu tu.

Dunga nenda, lakini ufike kama karani. Wakikuuliza bei ya misumari ya inchi nne, utajibu bila kutetemeka.