Kisima Kisicho na Kasoro

Wasio na shukrani husema misaada haionekani. Tatizo lao ni kuitafuta kijijini. Tangu IATI, mpango wa kimataifa wa uwazi wa misaada, uzinduliwe Accra mwaka 2008, kisima hakisumbuliwi tena kwa maswali ya maji; kikishaandikwa vizuri katika faili la XML, kimekamilika.

Zipo hata programu huria za kuyatolea takwimu mafaili hayo, na kazi yao ni adhimu: mangapi yamepakuliwa, mangapi yamegoma kufunguka, mangapi yameandikwa kinyume na kanuni. Ni kama mpishi wa shughuli anayehesabu masufuria kwa uaminifu, wageni wakiwa jamvini tangu adhuhuri.

Na baraka zilizomo! Mfadhili akitangaza fedha alizotoa, shirika la katikati likazitangaza tena, mtekelezaji naye asikubali kupitwa, dola moja huweza kujitokeza mara tatu. Mikate mitano na samaki wawili walihitaji muujiza. Hapa inatosha kujumlisha.

Mradi wenye hadhi namba 2, kwa orodha ya IATI, unatekelezwa. Mama aliyesimama bombani na ndoo tupu hajasoma orodha, basi.