Vaa Kwanza, Ndo Ubinue Tairi

Nyie mnaompigia mbinja yule kijana anayebinua pikipiki huku helmeti inaning'inia kiwikoni, hebu nyamazeni kidogo. Nsyuu! Eti "ana roho ngumu."

Haya, Romain Grosjean mnamjua? Mfaransa, dereva wa Formula 1. Tarehe 29 Novemba 2020, kule Bahrain, gari lake lilipasua uzio wa chuma, likakatika vipande viwili na kulipuka moto. Alikaa ndani ya moto ule karibu nusu dakika, halafu akachomoka mwenyewe, mikono imeungua, yuko hai. Ule upinde wa titani unaopita juu ya kichwa cha dereva, wanauita halo, ndio uliozuia chuma cha uzio kisimfikie kichwani. Juu ya hapo alivaa helmeti, ovaroli lisiloshika moto upesi, na kile kifaa kinachoishikilia helmeti ili shingo isirushwe mbele. Halo ilianza kutumika mwaka 2018, na Grosjean huyuhuyu alikuwa miongoni mwa walioipinga! Akiwa bado hospitalini, hakuona haya kuisifu. Sasa dereva anayekimbia kilomita 300 kwa saa, naye mtamwita mwoga kwa sababu kavaa?

Au mpaka mtu afe ndo tuelewe? Fabio Casartelli, Mwitaliano, bingwa wa baiskeli wa Olimpiki ya 1992, alianguka akiteremka mlima kwenye Tour de France ya 1995, kichwa wazi. Akafa. Waendesha baiskeli wakaendelea kubisha: joto, uzito, usumbufu. Mwaka 2003, kwenye mbio za Paris–Nice, akafa Andrey Kivilev wa Kazakhstan, naye kichwa wazi. Hapo ndipo helmeti ikawa lazima. Miaka minane ya ubishi, jamani! Nsyuu!

Na wewe unayevaa bila kufunga kamba, nakuona. Ukirushwa, helmeti inakwenda kwake na kichwa kinakwenda kwake. Halafu wanangu, acheni kununua helmeti za mtumba msizojua zilikotoka. Kinachookoa ubongo ni lile povu gumu la ndani: linapondeka ili pigo lisifike lote kwenye fuvu. Likishapondeka halirudi. Kwa hiyo ile iliyokwisha kupigwa chini na kichwa kikiwa ndani, hata kama rangi bado inang'aa, ipasueni kabisa, asije mtu akamuuzia mtoto wa mwenzake.